Siku Niliyowaambia Wageni Wamguse Simba

Wenzangu wa Karatu wa rika langu hawaniiti Paulo, wananiita Gusa, na siku hizi hata watoto wao wananiamkia "Shikamoo mzee Gusa" bila kujua wanasema nini. Leo nasema mwenyewe jina hilo lilitoka wapi, maana nimechoka kuisikia habari hii kwa jirani yangu Lohay, ambaye kila mwaka simba wa masimulizi yake wanaongezeka (mara ya mwisho walifika saba, na mmoja ana mimba). Ni aibu yangu, na aibu ya mtu ni afadhali aisimulie mwenye nayo. Nyie mtacheka, najua. Mimi mpaka leo nikifika pale kwenye mkono mwili unanisisimka.

Ilikuwa miaka ya themanini, ile ya sukari kwa foleni na sabuni kwa kujuana, mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena na wageni wameanza kurudi kidogo kidogo. Mimi nilikuwa dereva wa Mzee Elifuraha, mtu wa Arusha mwenye Landrova chache za kupeleka watalii kreta (ndivyo sisi madereva tulivyoliita bonde la Ngorongoro, na dereva aliyeruhusiwa kushuka kreta alitembea Karatu kifua mbele kama bwana harusi). Kwetu ni Ganako, baba alikuwa analima ngano na maharage, na katika watoto wake wote mimi ndiye niliyelikimbia jembe, kwa hiyo ile kazi ikinitoka nilijua ninarudi wapi na nitapokewa kwa maneno gani.

Kijapani kilituingia kwa njia ya Kenji, kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu sekondari. Tulikuwa wanafunzi wake watatu wa mitaani: mimi, Lohay jirani yangu aliyekuwa mhudumu wa mezani hotelini, na Naserian, dada mmoja kutoka Enguserosambu aliyeuza shanga kando ya barabara ya kwenda geti la hifadhi. Muda wa Kenji ulipoisha akarudi kwao, akatuachia kaseti aliyoirekodi kwa sauti yake, anasema neno kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, kisha kwa Kijapani, kisha anakohoa. Ndiyo ikawa mwalimu wetu. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikaa nyuma ya nyumba ya Lohay na redio yake, na kwa kuwa betri zilikuwa adimu kuliko nyama, tulikuwa tunazianika juu ya bati zipate joto. Zikiwa za moto Kenji anaongea kama mtu, zikipoa anaburuza maneno kama mlevi anayesinzia.

Kila mmoja alitafuta maneno ya riziki yake. Naserian alitaka neno la kumwambia mteja gusa, shika shanga uzione. Mimi na Lohay tulitaka la kumwambia mgeni kaa. Sasa kwenye kaseti maneno hayo mawili yalifuatana, moja ni suwatte na la pili ni sawatte, yaani tofauti yake ni irabu moja tu, na siku hiyo betri zilikuwa zimepoa. Tukarudisha nyuma, tukasikiliza, tukarudisha tena, ukisikia su unasikia na sa humo humo. Lohay akasema kukaa ni sawatte. Nikamuunga mkono haraka, kwa sababu sawatte ilinikumbusha sawa, na mtu akikaa si ametulia, si yuko sawa? (Mniangalie vizuri, huyo ndiye msomi wenu.)

"Tungojeni betri mpya ndipo tujue," Naserian akasema.

"Betri mpya utazitoa wapi, dada?" Lohay akamuuliza, na ikawa imepita hivyo: kaa tafadhali ni sawatte kudasai. Nikalikariri njia nzima kurudi nyumbani.

Haikupita muda mrefu wakaja wageni wa Kijapani na mkalimani wao, wakalala hoteli ya kule juu ukingoni mwa kreta. Asubuhi nilipofika na gari, ukungu mzito, baridi ile ya kuuma masikio, nikamkuta Mzee Elifuraha uani amejikunyata ndani ya koti.

"Mkalimani tumbo limemkamata usiku, hata kusimama hawezi," akaniambia. "Naona nipige simu Arusha waniletee mwingine, mshuke kesho."

Hapo ndipo ningenyamaza, na mpaka leo ningekuwa naitwa Paulo.

"Hakuna haja, mzee," nikasema. "Kijapani nakijua."

Akanitazama. "Unakijua, au unakisalimia tu?"

"Nakijua, mzee."

Wageni walikuwa watatu. Mzee Mori, mtu mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, mke wake, na binti yao mkubwa aliyeitwa Yuko (nilimuuliza jina mara ya pili, nilidhani ananiambia kuna mtu yuko mahali). Nikasimama mbele yao, nikainama kama Kenji alivyotufundisha, nikasema "Ohayoo gozaimasu", yaani habari za asubuhi, na jamani, nyuso zao zilifunguka kama dirisha. Mzee Mori akainama, nikainama, akainama tena chini zaidi, mkewe akaweka mkono kifuani, na Mzee Elifuraha kule pembeni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikapanda garini nikiwa mrefu kuliko nilivyoamka.

Tukashuka. Nikaonyesha pundamilia nikasema shimauma, nikaonyesha nyumbu nikasema nuu, kila neno wanaitikia "aaa" kwa pamoja kama kwaya, na kwa kila "aaa" mimi ninazidi kuvimba. Jua lilipokuwa kali tukafika uwanda wa karibu na ziwa, mahali ambapo hakuna mti hata wa kumficha sungura, na pale tukawakuta simba: majike wawili na dume changa. Magari mengine mawili yalikuwa yameshasimama kwa mbali kidogo, madereva wote wa Karatu, watu ninaokunywa nao chai. Nikasogea nikazima injini.

Anayeijua kreta anajua kwamba saa za jua simba hutafuta kivuli, na kama hakuna mti, gari ndiyo mti. Jike mmoja akainuka, akaja taratibu kichwa chini, akapita mbele ya boneti, akazunguka upande wa mzee, akajibwaga chini pale pale, mgongo wake ukaegemea mlango. Gari lilitikisika. Mama na Yuko walikuwa wamesimama kwenye viti, vichwa nje ya tundu la paa na kamera zao. Mzee Mori amekaa dirishani, kioo wazi. Jike wa pili naye akaanza kuja, akielekea upande wangu.

Sheria ni kwamba simba akifika hapo, wote wanakaa, mikono ndani, kimya. Nikageuza shingo, nikawaambia kwa kunong'ona:

"Sawatte kudasai."

Wakatazamana. Mama akashusha kamera. Nikadhani hawakunisikia.

"Sawatte?" Mzee Mori akaniuliza, kidole chake kikielekea chini, nje ya dirisha.

Nikaona anauliza kama akae pale pale dirishani, nikaona swali la busara kabisa. "Hai," nikamjibu, ndiyo. "Sawatte kudasai."

Kisha nikageuka mbele, maana yule jike wa pili alikuwa amefika usawa wa tairi langu na macho yake ya njano yamenikazia, na mimi (dereva mzoefu wa kreta, bwana harusi) nilikuwa napandisha kioo kwa pupa hadi mpini unaniponyoka. Nyuma yangu nikamsikia mama anasema jambo upesi upesi, sauti yake imekwaruza, na mzee anamjibu neno moja la upole. Nikadhani wanagombania kiti. Nikasema tena, sasa kwa ukali kidogo, "Sawatte! Sawatte!"

Ndipo nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni.

Mkono wa Mzee Mori ulikuwa nje. Alikuwa amevua saa yake, amekunja mkono wa shati vizuri hadi kwenye kiwiko, na ule mkono mweupe mwembamba unashuka polepole kuelekea mgongo wa simba, unatetemeka, lakini unashuka. Na juu ya paa Yuko naye ameinama, anaunyoosha wake.

Nataka niwaeleze woga ule na sijapata maneno yake kwa lugha yoyote. Nilitaka kupiga kelele nikaona nikipiga atashtuka. Nilitaka kuwasha gari nikaona likiwaka ataugeukia mkono. Masikio yangu yalikuwa yanasikia kitu kimoja tu, pumzi ya yule simba, nzito, kama mtu anayesukuma gunia sakafuni. Nilifikiria mambo ya ajabu, nilimfikiria baba akiambiwa, nilifikiria mama huyu atarudi kwao na nani. Na vidole vya mzee vikatua kwenye manyoya.

Sikio la simba likageuka. Sikio tu, kwanza.

Sijui nilirukaje kiti. Najua nilijikuta nimemkamata mzee ukosi wa shati kwa mikono miwili nikamvuta kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote sakafuni kati ya viti, na katika kuanguka kisigino changu kikakandamiza honi, ikalia, na chupa ya chai ikanipasukia mapajani. Mlango ukapigwa kishindo kama umegongwa na ng'ombe. Nikainua macho nikamwona dirishani, uso mzima, mdomo wazi, ndani pana rangi ya nyama mbichi, na harufu yake ikaingia garini kabla ya ngurumo. Yuko alikuwa ameshajitupa ndani, amemlalia mama yake. Nikafunga macho. Nilisali kwa Kiiraqw chetu, kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikujaribu Kijapani.

Nilipofungua, dirisha lilikuwa tupu. Simba walikuwa wameondoka hatua chache, wamesimama wanatutazama kwa dharau. Nikaushika mkono wa mzee nikavihesabu vidole kimoja kimoja, vyote vilikuwepo, nikavihesabu tena.

Yale magari mawili yalikuwa yameona kila kitu, na moja lilikuwa na askari wa hifadhi. Akaja hadi kioo kwa kioo.

"Nani amemruhusu mgeni kutoa mkono?" akauliza.

"Sijui imekuwaje, afande. Nimewaambia wakae."

Yuko alijua Kiingereza kidogo. Akamweleza askari, huku analia, kwamba dereva aliwaambia wamguse, mara tatu, na mara ya mwisho kwa hasira. Nikakana. Basi yule binti akapiga kiti kwa kiganja, akasema, "Suwatte." Akanyoosha kidole akanigusa mkono, akasema, "Sawatte." Akarudia, kiti, mkono, kama anamfundisha mtoto.

"Kwa hiyo umewaambia wamshike simba," askari akasema polepole. Kwenye gari la pili dereva mwenzangu akaanza kucheka, kisha akaiona suruali yangu iliyolowa, akakaribia kuanguka. Ilikuwa chai. Naapa sehemu kubwa ilikuwa chai.

Tulipokuwa tunapanda kurudi ukingoni, Mzee Mori akaongea kidogo, na Yuko akanitafsiria kwa Kiingereza chake. Alisema baba yake aliogopa sana, lakini alijiambia mwenyeji anamjua huyu simba, na kukataa ingekuwa kunidharau. Mama hakunitazama tena, hata kwenye kuagana. Mzee aliinama, ila safari hii mkono wake aliushikilia kwa mkono mwingine, kwa sababu ulikuwa bado haujaacha kutetemeka. Kicheko cha madereva nilikizoea baadaye. Ule mkono sikuuzoea.

Askari alinizuia kushuka kreta msimu mzima. Mzee Elifuraha aliitazama ile mikwaruzo ya makucha mlangoni, akanitazama, akasema, "Ulikuwa unakisalimia," na kesho yake nikaanza kazi ya kuosha magari na kubeba madebe ya dizeli. Jina lilikuwa limeshafika Karatu kabla yangu. Nilipoingia mgahawani mtu akasukuma sahani ya maandazi akaniambia, "Gusa tafadhali," na nyumba nzima ikalipuka.

Jumapili Lohay alicheka mpaka akalala chini. Naserian hakucheka. Aliuliza, "Na yule mzee mkono wake mzima?" Nikamwambia mzima. Akasema, "Basi mshukuru Mungu, halafu uendelee kujifunza," na kweli niliendelea, hata nikafika mahali pa kuongea vizuri kidogo. Lakini niliapa, na kiapo sijakivunja: neno ambalo mtu anaweza kufa kwa ajili yake silisemi kwa lugha ya kuokoteza. Salamu ile nzuri ndiyo iliyomfanya mzee wa watu aniamini, na mimi nyuma ya salamu sikuwa na kitu.

Miaka kadhaa baadaye, nimesharudishwa kreta, Mzee Elifuraha akatoka uani asubuhi akatuuliza madereva, "Wamekuja Wajapani, hawana mkalimani. Nani hapa anajua Kijapani?"

Wenzangu wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshafungua boneti, kichwa ndani hadi mabegani, natafuta ubovu kwenye gari lililotoka gereji jana yake.