Baba Alipopima Mikaratusi

Mkaratusi ukipasuliwa hunuka kama dawa ya kupaka kifuani, na msimu ule boma letu la Katito lilijaa harufu hiyo: jikoni kwa ajili ya kifua cha Baba, nje kwa ajili ya miti yake. Baba alikuwa fundi wa mabomba katika kiwanda cha sukari kule Muhoroni, hadi kikohozi kilipomrudisha nyumbani amekonda, akaikuta nyumba aliyoianza bado ni kuta bila paa. Tulikuwa tukilala jikoni. Kwetu mwanamume hazikwi kwa heshima bila nyumba yake bomani, na Baba alijua anakoelekea. Akaamua kwamba mikaratusi aliyoipanda ukingoni mwa shamba itoe vitu viwili: mbao za paa na mbao za jeneza lake.

Alipima mwenyewe, akiwa kitini. Kazi yangu, mtoto mnene wa shule ya msingi, ilikuwa kuuzungushia kila mti kamba usawa wa kifua cha Mama. "Kumbatia vizuri, Atieno," akasema. "Huyo ndiye mchumba pekee atakayesimama akungoje." Mpaka leo sijaolewa, na safari yangu ndefu ni ya sokoni, kwa hiyo hapo hakukosea. Alikosea kwingine. Kimo alikipata kwa kijiti alichokinyoosha mbele ya jicho, akakipigia hesabu na unene wa chini, akatabasamu: paa na jeneza vitatoka, na kigoda cha Mama juu yake. Maisha yake yote alikuwa amepima mabomba, na bomba lina unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho.

Miti ilipolala chini, fundi wa msumeno aliizunguka, akaguna. "Mzee, hii imechongoka kama karoti. Huku juu napata fito tu." Baba akaomba ashikwe mkono, akatembea polepole kutoka shina hadi kilele, akipapasa gome. "Baba Atieno," Mama akauliza, "sasa tufanyeje?" Akajibu, "Paa kwanza. Huko ninakoenda sitanyeshewa." Fundi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Baba aliwahi kulala chini ya mabati yake, mbao zikiwa bado mbichi, zikilia usiku kwa kujikunja. Alipofariki, jeneza lilitengenezwa kwa vipande vya vileleni, vifupi, vikaungwa usawa wa magoti. "Mwanamume mrefu hivi mnampakia kama nyanya za soko!" shangazi alifoka mbele ya waombolezaji. Lakini alienea. Kikohozi kilikuwa kimemchonga kuliko miti.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Visiki vile vilichipua, na machipukizi sasa ni miti mirefu. Juzi alikuja kijana mnunuzi, akapima shina chini, katikati na juu kwa simu yake, nayo ikatoa ujazo wa mbao baada ya kuondoa kule kuchongoka. Niliwaza kwamba lau simu hiyo ingekuwepo wakati ule, Baba angejua mapema, na bado angesema paa kwanza.

Mama, ambaye sasa hasikii vizuri, alitoka mlangoni. "Inasema zinatosha?"

"Zinatosha nini, Mama?" kijana akauliza.

Mama alinitazama kutoka bega hadi bega. "Sisi wawili," akasema. "Na huyu ni mpana."

Nikamwambia kijana miti haiuzwi.