Vyuma vya Ghorofa ya Juu

Juzi nilikuwa Ruiru, kwenye ofisi ya bwana mmoja anayechora ramani za majengo, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu walikaa mzee na mkewe kutoka Gatuanyaga. Walitaka maduka matatu ya kukodisha, ya bei nafuu.

"Mzee, tumwage slabu ya zege, tuache vyuma vimechomoza juu," mchoraji akasema kwa sauti ya tangazo la redio. "Siku kijana yako atashika pesa, anaongeza ghorofa bila kubomoa kitu. Hiyo ndiyo future!"

"Mwaga slabu," mzee akadakia.

Mkewe akalaza kiganja juu ya ramani. "Mabati ni rahisi. Weka mabati."

"Ai, mama! Na kijana?"

"Kijana tulimzika mwezi wa nne," akasema, kama mtu anayetaja bei ya saruji. "Huyu mzee bado anamjengea."

Mchoraji, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Mzee akauliza polepole, "Hata viwili? Vyuma viwili tu, pale kwa kona?"

Kutoka Ruiru hadi Thika paa zimejaa vyuma vyenye kutu, na sisi tuliosoma huviita ukosefu wa mipango. Sawa. Lakini vyuma viwili havibebi ghorofa, na yule mama alilijua hilo kuliko sisi sote.

"Mwekee," akamwambia mchoraji.