Jina Nililomuvalisha Bwana Wangu

Munaniuliza kila mara, wajukuu wangu, ni juu ya sababu gani bwana wangu alianguka katika zile kura za kwanza za hapa Goma, na kila mara nawajibu kwamba ni mambo ya Wazungu. Ninawadanganya. Mimi njo nilimuangusha, mimi na mudomo wangu huu, mbele ya watu wote, na haya ya siku ile nimeibeba miaka mingi kama kuni zenye kulowana. Leo nimechoka kuibeba peke yangu. Kila mutu achukue kipande chake, na mwenye kutaka kucheka acheke, mimi nilishachekwa na watu wakubwa kuliko nyinyi.

Bwana wangu aliitwa Kabwa. Sisi wa Kinyarwanda tunajua, na hata mwenye kusikia Kiswahili tu anaelewa mwenyewe: ni kambwa kadogo, ka kupigwa teke. Kwetu jina kama lile halitolewi bure. Mwanamuke akizaa watoto wakakufa, mumoja nyuma ya mwingine, yule mwenye kufuata anapewa jina la kutia kinyaa, Mbwa, Takataka, lolote lile, ili kifo kikipita mulangoni kisikie na kiseme hapa hakuna kitu cha kuchukua. Mama yake, kule kwenye milima ya Masisi, alikuwa amezika wane mbele yake. Mimi nilijua hayo yote. Nilijua, na bado nilikuwa naona haya. Nilikuwa kijana, nilikuwa na viatu (jozi moja, lakini viatu), nilikuwa nimesoma miaka miwili kwa masista, halafu nikae sokoni na mboga zangu watu waniite muke wa Kabwa mbele ya wateja? Jina lile lilikuwa linaniwasha mwilini kama upupu.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya Wabeleji, walipoanza kusema watu weusi wachague watu wao wa kuingia katika konsei, halmashauri ya muji. Bwana wangu alikuwa fundi wa kushona, mashini yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja kule Birere. Hakuwa mutu wa maneno mengi, lakini kila mwenye suruali yenye kupasuka alimujua, na watu wakamusukuma ajiandikishe. Alikubali juu ya kitu kimoja, maji. Sisi wanawake wa kartie, yaani mutaa wetu, tulikuwa tunateka maji ziwani, na ule upande wa karibu ulikuwa wa Wazungu na maua yao, ukikanyaga pale na mutungi mulinzi anakufukuza, basi tulizunguka mbali sana juu ya mawe ya volkano, wengine na mimba, wengine na mutoto mugongoni. Mimi nilianguka pale na mimba ya miezi sita. (Mutoto huyo hamumujui. Hakuzaliwa.) Kabwa akasema nikiingia katika konsei neno langu la kwanza ni robine, bomba la maji, kwenye kartie yetu, na la pili sina.

Sasa sikieni ujinga wangu. Siku moja sokoni, mama mumoja muuza maharagi akasema kwa sauti, huku anapepeta, "Nani atamutuma mbwa aende kuongea na Wazungu? Watamutupia mufupa, atanyamaza." Soko lote likacheka. Hata muteja wangu alicheka, akaweka mboga yangu chini akaenda. Nikabeba kitunga changu nikarudi nyumbani, na nilipofika mulangoni nilikuwa nimeshaamua: bwana wangu anahitaji jina lingine. Nikachagua Mugisha, yaani baraka. Hakuna aliyenishauri. Nililichuma tu, kama mutu mwenye kupita chini ya mupera akanyoosha mukono.

Kesho yake, kwenye ile njia ya mawe, nikawaambia wanawake wenzangu waende kuwaambia wanaume wao kwamba jina kamili la bwana wangu ni Mugisha, lile lingine ni la utoto. (Sisi hatukupiga kura wakati ule. Wenye kubeba maji hawakuulizwa neno juu ya maji.) Tena mukumbuke wanaume wengi hawakujua kusoma: siku ya kura ulikuwa unainama kwenye sikio la karani, unamutajia jina, yeye anaandika. Kwa hiyo jina lilipaswa kukaa katika masikio, na mimi nikalitungia wimbo, Mugisha atatuletea maji, Mugisha atatuletea maji, na wanawake wakaupenda, wakatwanga nao, wakateka nao maji, na wenye kuleta viazi sokoni wakaubeba mpaka Kibati. Ninawaambia, nilikuwa natembea na shingo ndefu kama korongo.

Bwana wangu aliusikia kutoka kwenye mashini yake. Akaniuliza huyu Mugisha mwenye kuimbwa hivi ni nani. Nikamuambia ni wewe. Akakanyaga mashini mpaka akamaliza muguu wote wa suruali, akakata uzi na meno, akasema kule biro, ofisi ya serikali, aliandikwa Kabwa, kama ilivyo katika buku yake ya kitambulisho. Nikamuambia karatasi ni karatasi, watu wanachagua na masikio. Akasema mama yake hatapenda. Nikajibu kwamba mama yake hapigi kura. Basi akanyamaza, alikuwa mutu wa kupenda amani nyumbani, na mimi nikahesabu kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

Ikafika Jumapili ya mukutano. Baada ya misa watu wakajaa kwenye kiwanja mbele ya biro, Muzungu wa teritware, mukubwa wa wilaya, akakaa kwenye kiti chake, na karani akasimama na liste ya majina, kila mwenye kutajwa asimame aonekane. Sisi wanawake tulikuwa nyuma, tumevaa vikwembe vizuri, mimi mbele yao kama mukubwa wa korali. Na hapo nani anatokea? Mama mukwe wangu. Alitembea kwa miguu kutoka mulimani mpaka Sake, akapanda kamio, lori ya kubeba kabichi, na kibuyu cha maziwa juu ya kichwa, kwa sababu amesikia mutoto wake anachaguliwa. Sikuwa nimemualika, na munajua juu ya nini. Nikamuketisha juu ya jiwe karibu nami, nikaomba Mungu asiulize kitu.

Karani akasoma, "Mugisha." Hata hakumaliza kufunga mudomo, mimi nilikuwa nimeshaanza kuimba. Wanawake wakapokea, vigelegele, mikono juu, mimi macho nimeyafunga kwa furaha kama mutu anayeomba. Nilipoyafungua, mwanaume aliyesimama pale mbele hakuwa bwana wangu. Alikuwa Mafimbo.

Mafimbo alikuwa kapita, musimamizi wa kazi ya barabara. Njo yeye aliyekuwa anakamata wanaume waende kuvunja mawe, na mwenye kuchelewa alimuonjesha fimbo, na kwa hiyo muji wote ulimuita Mafimbo na hakuna hata mumoja aliyewahi kuuliza baba yake alimuita nani. Basi baba yake alimuita Mugisha. (Yeye mwenyewe alishangaa. Alikuja anangojea kuzomewa, akakuta korali.) Akatoa kofia. Akanipungia mimi, kabisa mimi, na mukono. Nikaanza kutupatupa mikono ili wenzangu wanyamaze, wao wa nyuma hawakuona kitu, wakafikiri ninacheza, wakacheza vilevile. Tulimuchezea Mafimbo mpaka vumbi likapanda, na Muzungu akatabasamu.

Ilipotulia karani akasoma jina lenye kufuata, "Kabwa." Halafu mwanaume mumoja kule nyuma akabweka. Mwingine akamujibu. Kisha upande muzima ukabweka, watu wazima na suruali zao zenye kushonwa na mikono ya mutu yule yule. Bwana wangu alisimama pale na kofia mukononi, na hakukuwa na sauti hata moja ya mwanamuke ya kumusaidia, maana mimi nilikuwa nimewafundisha kwamba yeye ni mutu mwingine. Hakuniangalia. Ingekuwa afazali angeniangalia vibaya.

Mama mukwe akanivuta kikwembe.

"Muka-mwana, hawa wanamubwekea nani?"

"Mutoto wako, mama."

"Na yule Mugisha uliyemuimbia ni nani?"

Akaniwekea kibuyu mikononi, akapita katikati ya wanaume, taratibu, wanaume wakimuachia njia, mpaka akafika mbele ya Muzungu na akamugeuzia mugongo, akatuangalia sisi.

Akasema, "Mimi njo nilimuita Kabwa. Wane wa mbele yake niliwapa majina mazuri, na wote wane niliwafunika na udongo. Huyu nikamuita mbwa na kifo kikamupita, amesimama pale munamuona. Bwekeni mpaka koo zikauke, mimi kubweka huko kunanifurahisha, kunaniambia mutoto wangu yuko hai."

Hakuna aliyebweka tena. Muzungu akauliza karani kizee anasema nini, karani akamujibu ni mambo ya familia.

Na mimi? Haya yangu ikageuka hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe. Nikaenda mbele na kibuyu changu nikasimama karibu na mama mukwe. Nikasema kwa nguvu, ili hata wa Kibati wasikie, "Bwana wangu ni Kabwa. Lile jina lingine nilimuvalisha mimi, yeye hakuliomba. Mwenye bado ana sauti ya kubweka aje anibwekee mimi." Nikangoja. Hakuja mutu.

Siku zenye kubaki mbele ya kura, mama mukwe na mimi tulitembea mulango kwa mulango. Mutu akifungua tunamuambia Kabwa, sema Kabwa, rudia tusikie. Wengi waliahidi. Muuza maharagi yule yule aliniapia kwamba bwana wake atasema Kabwa, na ninaamini alisema. Lakini wimbo una miguu mingi kuliko wanawake wawili, ulikuwa umeshafika mahali ambapo sisi hatukufika. Siku ya kura wanaume wakainama kwenye sikio la karani wakataja jina walilozoea kusikia jikoni kwao. Mafimbo akaingia katika konsei. Kabwa akarudi kwenye mashini yake.

Munafikiri iliisha hapo. Mafimbo akamutuma muke wake aniletee kikwembe kipya sokoni, cha kunishukuru juu ya wimbo, na yule mwanamuke akakikunjua mbele ya watu wote ili wakione vizuri. Kilikuwa kizuri, sitadanganya, chekundu na ndege. Nikakikunja, nikaacha mboga zangu, nikaenda nacho saa sita kali mpaka nyumbani kwa Mafimbo, na soko nyuma yangu kama maandamano ya Ekaristia. Nikakiweka kizingitini, Mafimbo mwenyewe amesimama mulangoni. Nikamuambia, "Ule wimbo ulikuwa wa maji. Leta maji. Nguo baki nayo." Maji hakuleta. Tukaendelea kuzunguka juu ya mawe, na kila nilipojikwaa nilijua ni nani wa kutukana.

Bwana wangu hakunigombeza hata siku moja. Ila mara moja, anashona, hakuinua kichwa, akasema, "Ulipoanza kuimba, nilifikiri wananipenda. Halafu nikaona ni jina walilopenda." Akaendelea kukanyaga mashini. Kubwekewa kote kule hakukunichoma kama neno hilo moja. Nilikuwa nimekwenda kuficha kitu kilichomulinda tangu tumboni, kwa sababu ya kicheko cha sokoni, na nilipokificha nilimuficha na yeye.

Basi niliapa, na kiapo ninacho mpaka leo: sitaimba tena jina ambalo mama wa mutu hakulitoa. Watoto wangu wote wanaitwa Kabwa nyuma ya majina yao ya ubatizo, na mutoto wangu akirudi kutoka shule analia kwamba wamemubwekea, nilikuwa ninamupangusa machozi na kumurudisha palepale akae. Siku hizi vijana wanapita hapa Ndosho na picha zao na majina makubwa ya kuomba kura, huyu Mukombozi, huyu Simba wa sijui wapi. Ninawapa kiti, ninawapa chai. Halafu ninawauliza mama yako alikuita nani, na juu ya nini. Mwenye kujibu ninamusikiliza mpaka mwisho. Mwenye kushikwa na haya anamaliza chai yake anakwenda.