Kigingi cha Mama Anayesaga

Ati mchongaji hajulikani! Baba mkwe wangu, Mzee Nzioka, anakunywa chai jikoni kwangu hapa Kitengela kila asubuhi. Ana miaka sabini na tisa na meno karibu yote, halafu mtu na digrii yake anaandika kwamba hajulikani.

Mzee alianza kuchonga akiwa na miaka kumi na sita, mkoloni bado hajaondoka, katika karakana ya Mzungu mmoja Nairobi. Pale ilikuwa marufuku kuandika jina. Watalii walitaka vitu vya kale vya kabila, si kazi ya kijana iliyomalizika juzi. Kwa hivyo sanamu ilipakwa masizi na samadi, ikazikwa kwenye matope wiki mbili, ikatoka imezeeka kuliko aliyeichonga. Mzee alitii. Ila sanamu yake ya kwanza, mama yake akisaga mtama, ilimshinda kuitoa hivyo. Alitoboa shimo chini, akachonga majina mawili, la mama yake na lake, kwenye kigingi, akakipachika humo na kukisawazisha. Mzungu hakuona kitu.

Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye maonyesho ya historia ya uchongaji, jumba jipya kule Kiserian. Mbele ya kabati moja la kioo alinishika mkono. Kibao kilisema: Mama Anayesaga, karne ya kumi na tisa, mchongaji hajulikani.

Nilimwita msimamizi, Waithera, nikamwambia aliyeichonga ndiye huyu. Akatabasamu vile watu hutabasamia wazee, akasema sanamu ilitoka Ulaya na karatasi zake. Damu ilinipanda! Mzee hakubishana, aliomba tu igeuzwe. Nilivyosumbua, ikageuzwa. Kwa ncha ya kisu chake kidogo mzee akakitoa kigingi, kimenyauka kwa zaidi ya miaka sitini, na herufi zipo: Kalekye, Nzioka. Waithera alifuta machozi. Akaahidi kibao kipya, akampa mzee kigingi akae nacho hadi Jumapili ya kuzindua kibao.

Jumapili hiyo nilimvalisha mzee koti lake la kanisani tukarudi. Kabati lilikuwa tupu. Waithera, macho sakafuni, alieleza kwamba wakubwa wameamua maonyesho ni ya vitu vya kale, na hii kumbe ni kazi ya kuuzia watalii. Imepelekwa stoo.

Yaani alipokuwa hana jina alikuwa historia ya nchi! Niliwasomea hao wakubwa wote, hata wasiokuwepo, mpaka askari wa mlangoni akaja kuangalia. Mzee alikuwa akipapasa mfuko wa koti. Akatoa kigingi, akamnyoshea Waithera.

"Kirudishe ndani, mama," alisema kwa upole. "Andikeni tu hamnijui. Mama yangu asikae gizani."

Nilikinyakua kabla Waithera hajakigusa. Kiko hapa mezani ninapoandika, na mzee haongei na mimi.