Mkanda wa Njano Nikiwa na Miaka Arobaini

Nilianza karate nikiwa na miaka arobaini, mama wa watoto watatu, mshona nguo wa Rulenge ambaye wateja walilazimika kuinama ili wamsikie. Nyumbani tulilelewa kwa kunong'ona. Wazazi wangu walikuja kutoka Burundi wakiwa wakimbizi, na mama alituzoesha kutojitokeza: usibishane, usicheke kwa nguvu, watu wasijue upo.

Mwalimu wetu alikuwa wakala wa forodha kule Rusumo, mwanamke mfupi mwenye mkanda mweusi. Kila Jumamosi alitufundisha kwenye ukumbi wa kanisa. Mateke nilijifunza. Kuanguka bila kuumia nilijifunza. Kilichonishinda ni ule ukelele unaotolewa pamoja na pigo.

"Toa sauti, mama," aliniambia.

"Nimetoa, mwalimu."

"Hiyo ni pumzi tu."

Miezi minane ikapita hivyo. Siku ya mtihani wa mkanda wa njano, mjini Biharamulo, nilipangwa kupambana na binti wa chuo, mrefu, mwepesi. Akanipiga teke la ubavu, nikaanguka. Nikainuka, akaniangusha tena, na safari hii nikaona watu wananitazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyonichoma. Nikasimama. Mguu wake ulipokuja tena niliupangua, nikaingia, ngumi yangu ikasimama upana wa kidole kutoka kifuani pake. Sauti iliyonitoka sikuitambua. Iligonga mabati ya paa la ukumbi ikarudi.

Yule binti aliinama kwa heshima, kisha akacheka. "Shikamoo, mama! Umenitisha!"

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, na waliokaa mlangoni walinisikia.

Nilifaulu. Lakini nilipofungwa mkanda nilimwaza mama yangu, atasemaje. Kesho yake nilimkuta shambani anapalilia maharage. Aliushika mkanda, akauvuta kama anayejaribu kamba ya mbuzi.

"Kweli umepiga kelele mbele za watu?"

"Ndiyo, mama."

"Hebu nisikie."

Nikapiga. Ng'ambo ya bonde majirani walisimama na majembe yao mkononi. Mama akaangalia pande zote, kwa mazoea, kisha akavuta pumzi, naye akapiga ukelele. Akapiga wa pili, mkubwa zaidi. Tuliendelea hivyo, yeye na mimi, hadi tukakauka koo.