Sakafu Inayoelekea Mlangoni

Siwezi kutulia nikijua kuna mahali maji yanavuja. Msimu huo wote nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu, nikipimia watu misumari, na moyo wangu uko Karurumo, chini ya tangi la samaki sebuleni kwa mama. Mteja anaitisha bawaba, mimi nampa kitasa.

Nilirudi kuishi na mama magoti yake yalipoanza kumsumbua, na nikaja na samaki wangu. Tangi kubwa lilikaa juu ya meza ya mbao. Chini yake, karibu na sakafu, kulikuwa na tangi dogo la kioo ambamo maji hushuka na kuchujwa, kisha pampu ikayarudisha juu. Hilo dogo ndilo lililovuja. Kila jioni nikifungua mlango nilikuta mchirizi mwembamba umetoka kwenye kona ile, umepita chini ya kochi na kufika kizingitini kana kwamba umetumwa.

Ulitumwa kweli. Sakafu ya mama imelazwa kuelekea mlangoni, kama ya nyumba nyingi za zamani huku kwetu. Mwenye nyumba humwaga maji ya sabuni upande wa vyumba vya kulala, akasugua kwa ufagio, na maji yakatoka yenyewe. Marehemu baba aliijenga kwa mikono yake. Mama alipoijaribu kwa ndoo mara ya kwanza, maji yalituama karibu na kabati, akamfanya abomoe upande ule na kuanza upya.

Mimi, muuza pima maji, kile kipimo cha usawa chenye kiputo, siku ya kuyaweka matangi niliuona huo mteremko kuwa kasoro. Niliinua upande wa chini wa matangi kwa vipande vya mbao, kiputo kikakaa katikati, nikajisifu. Sikufikiria Jumamosi. Kila Jumamosi mama alimwaga ndoo yake, vile vipande vikalowa, vikavimba, vikakauka na kulegea. Tangi dogo likabaki limeegemea pembe moja, kioo kikajipinda na gundi ikaachia.

Nilipaka silikoni, ikavuja. Nikakwangua na kupaka tena huku pampu imezimwa na samaki wanahemea juu juu, ikavuja vilevile. Usingizi ukanipaa. Nilimkaripia paka kwa kupita. Nilimwambia mama kwamba ubaya wote umeletwa na maji yake ya Jumamosi, naye akaendelea kuchambua maharagwe yake ya njahi bila kuinua macho.

Hapo nikaamua kumaliza maneno. Ningeita fundi amwage simiti juu ya ile ya zamani, sebule yote iwe sawa kama meza. Nilileta mifuko kutoka dukani nikaipanga barazani. Mama aliizunguka polepole na mkongojo wake. Nimepewa jina la baba yake mzazi, kwa hivyo huniita baba, na akiniita hivyo kwa upole najua kuna jambo.

"Baba," akasema, "maji yatatokea wapi?"

Nikamweleza kwamba hayatakuwa na haja ya kutoka. Tutapangusa kwa kitambaa tu.

"Nani atapangusa?"

Kupangusa ni kuinama, na mama hainami tena. Kuni analetewa na jirani, ng'ombe aliuzwa, viatu namvua mimi. Nyumba hii ndiyo kazi iliyobaki mikononi mwake, na anaiweza kwa sababu anasukuma ufagio akiwa wima na sakafu inamsaidia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Simiti nikairudisha dukani. Fundi wa kuchomelea vyuma pale Runyenjes alinitengenezea stendi yenye miguu mirefu upande mmoja na mifupi upande mwingine, na rafu ya tangi dogo ikiwa juu kabisa ya mahali maji ya mama yanapofika. Alinicheka sana. Alisema watu humletea vitu vilivyopinda avinyooshe, mimi ndiye wa kwanza kulipa ili kitu kipindishwe.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikashika ndoo nimsaidie. Mama alinitazama mpaka nikaiweka chini.

"Ondoka njiani, baba."

Akamwaga. Maji yalipita katikati ya miguu ya stendi, yakavuka kizingiti na kuingia kwenye sukuma wiki uani, naye akiyafuata nyuma na ufagio wake, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine.

Silikoni niliyopaka upya tangi likiwa limekaa sawa kwenye stendi imeshika, na halivuji tena, lakini bado sijatulia. Jumamosi nikitoka kazini natembea haraka kuliko siku nyingine, na nikifika naangalia kizingiti kabla ya kuangalia samaki. Nikikikuta kimelowa maji ya sabuni, nashusha pumzi na kuingia.