Ugonjwa wa Nyongeza

Muuza fanicha za mitumba walimwita Punguza, wala si kwa kuwa alipunguza bei. Kila aliyemuuzia kitu ndiye aliyepunguza, apende asipende. Hata daktari wa meno, inasemekana, alitoka jasho.

Ndiyo maana mdogo wake alishtuka siku mteja alipogusa kabati, akataja bei ya kitoto, na Punguza akajibu, "Haya, chukua." Mteja mwenyewe aliingiwa na hofu. Akafungua milango yote akitafuta mchwa, kisha akaondoka bila kabati.

Punguza alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu, na kikohozi kilikuwa kinapungua. Lakini usingizi ulimpaa, chakula alikisukumasukuma sahanini, na mtu akisafisha koo tu, alihisi anasemwa yeye. Kisha mdogo wake, akitandika kitanda, akakuta vidonge vimefichwa ndani ya foronya. Alipomuuliza, dada mtu alisema ya nini kupaka rangi kiti kilichooza.

Mdogo mtu akamkokota hadi kliniki. Alimweleza nesi habari ya vidonge, kisha, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba, habari ya kabati. Nesi, ambaye aliwahi kumuuzia Punguza meza na bado ilimuuma, akaweka kalamu chini. Alimuuliza Punguza juu ya usingizi, hofu, machozi, na kama amewahi kutamani kufa. Kisha akamweleza kwamba ana sonona na wasiwasi, kwamba wagonjwa wengi wa kifua huvipata, na kwamba vinatibika: mazungumzo na mshauri kila wiki, na ikibidi dawa isiyogombana na zile za kifua.

Punguza akanyanyua kichwa. "Nimekuja na ugonjwa mmoja, mnanifungia na wa nyongeza?"

"Wa nyongeza umekuja nao mwenyewe, dada. Sisi tumeupokea tu."

"Mimi si kichaa."

"Kichaa asingeninyang'anya ile meza kwa bei ile."

Punguza alitaka kucheka, kikohozi kikamuwahi.

Mshauri alikuwa mwanamume mpole hadi anakera. Siku ya kwanza Punguza alikikagua kiti cha mshauri tu. Ya pili alimwambia kimelegea mguu. Baadaye ndipo lilipomtoka lenyewe: aliogopa wateja watasema viti vyake vinaambukiza, na kutwa aliyasikiliza mapafu yake kama anayemvizia mwizi. Mshauri hakumwambia ajikaze. Alimfundisha kupumua taratibu hofu ikipanda, akampa kazi ya kupangusa kiti kimoja kila asubuhi. Nesi naye akamhakikishia kwamba viti haviambukizi kifua kikuu.

Haukuwa muujiza. Zipo asubuhi aligoma kuamka, na mdogo wake akaanza naye upya, akisimama mlangoni na maji ya kumezea vidonge kama askari wa zamu.

Siku moja alichelewa kuyaleta. Alimkuta Punguza ameshameza vidonge vyake kwa chai iliyopoa, amefura kwa hasira.

"Ulikuwa wapi?" akamfokea. "Unataka nife kwa uzembe wako?"